Mnyororo wa metodi na kinachorudishwa

Wengi wanaojifunza kuandika programu za wavuti hapa Kisumu huanza kutumia mnyororo wa metodi, yaani kuziita kazi za objekti (kifurushi cha data pamoja na kazi zake) moja baada ya nyingine katika kauli moja, kabla ya kuelewa unavyofanya kazi, kwa kuwa maktaba za msimbo wanazozitegemea zimejaa mtindo huo. Tuseme karani wa soko la Kibuye anataka orodha ya wenye vibanda, ikipangwa kwa deni la ada; kwa lugha ya PHP ataandika hivi:

$ulizo->kutoka('vibanda')->ambapo('soko', 'Kibuye')->panga('deni')->lete();

Kila metodi hapo, isipokuwa ya mwisho, humalizikia kwa `return $this;`, yaani hurudisha objekti ileile ambayo metodi hiyo imeitwa juu yake, ndipo metodi inayofuata ikapata pa kushikia. Metodi ya `lete()` hurudisha orodha yenyewe, kwa hiyo ukiipachika katikati, mnyororo hukatika papo hapo. PHP 4 haikuukubali uandishi huu kabisa; uliruhusiwa na toleo la 5 mwaka 2004, na jQuery, maktaba ya JavaScript, ikauzoesha upande wa kivinjari kuanzia 2006.

Ugumu uko kwingine: mnyororo haukuonyeshi kama umerudishiwa objekti ileile au nakala mpya. Ukiandika `$mwisho = $leo->modify('+1 month');` ilhali `$leo` ni objekti ya tarehe ya aina ya `DateTime`, vigeu vyote viwili vitaelekeza kwenye tarehe moja iliyokwisha kusogezwa, na risiti ya mwenye kibanda itadai kwamba alilipa mwezi ujao. `DateTimeImmutable`, iliyoingia na PHP 5.5 mwaka 2013, huiacha `$leo` kama ilivyo na kurudisha tarehe nyingine. Lakini nayo, usipoyapokea matokeo katika kigeu, kazi yote hupotea bila onyo lolote.

Kwa maoni yangu, tarehe na fedha zirudishe objekti mpya daima. Kwa maulizo ya hifadhidata sina neno na `$this`, mradi anayetaka kulitumia ulizo moja mara mbili aanze kwa `clone`, yaani kuinakili objekti, la sivyo masharti ya mara ya kwanza yatamfuata hadi mara ya pili.

Alama ya `?->`, tuliyopewa na PHP 8 mwaka 2020, huusimamisha mnyororo kimya kimya inapokutana na null, yaani pasipo na thamani yoyote. Inafaa pale ambapo kibanda kinaweza kweli kukosa mpangaji. Wanaoipachika kila mahali (na ni wengi) huishia kuletewa ripoti yenye nafasi tupu, wasijue ni metodi ipi iliyorudisha null.

Mnyororo ukizidi metodi tatu, mimi huandika kila mshale kwenye mstari wake, ili niweze kuzima mmoja mmoja ninapotafuta hitilafu.