Proms husikilizwa wima: uzoefu wangu Royal Albert Hall

Nianze na kilichoniudhi. Kila niliyemuuliza habari za Proms, yale matamasha ya muziki wa klasiki yanayopigwa London kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Septemba, alinipa jibu la kukatisha tamaa. Huyu kaniambia lazima suti. Yule kasema tiketi huisha miezi mingi kabla. Kaka mmoja ninayemheshimu sana, mpenzi wa muziki wa siku nyingi, akanikazia: "Mdogo wangu, kama huna hela ya kiti kizuri, bora usikilize redioni." Nina hakika ushauri wa namna hii umewafungia nje watu wengi ambao wangeupenda muziki huu kwa moyo wote.

Basi nikanunua kiti. Pauni arobaini na kitu, na hicho wala hakikuwa kile kizuri anachokisema kaka. Royal Albert Hall ni ukumbi wenye umbo la yai, unaingiza watu zaidi ya 5,000, na kiti changu kilikuwa juu, ubavuni kabisa. Reli ya mbele ilinikata okestra katikati. Vayolini nilizisikia bila kuziona. Nilichokiona vizuri ni visogo vya wapiga besi. Nikawa nainama huku, najinyoosha kule, mpaka mama aliyekaa nyuma akanigusa bega nitulie. Na huko chini, katikati ya ukumbi, hatua chache tu kutoka kwa kiongozi wa okestra, nikaona umati umesimama. Fulana, kaptula, makobazi. Mapumziko yalipofika wakaketi sakafuni wakipiga soga. Nikamuuliza mhudumu wale wamelipa ngapi. Hazifiki pauni kumi, akanijibu, na tiketi zao huuzwa siku ileile ya onyesho.

Nilitoka mle ndani nimeshaamua.

Wala kusimama kule si hisani kwa wasio na hela. Ndio msingi wenyewe wa jambo hili. Mwaka 1895 Robert Newman, meneja wa ukumbi wa Queen's Hall jijini London, alimpa kazi Henry Wood, kijana wa miaka 26, aongoze matamasha ya bei ya chini katika ukumbi huo, ili mtu ambaye hajazoea simfoni, ule utungo mrefu wa okestra, aizoee taratibu akiwa amesimama, bila kubanwa na adabu za kumbi kubwa. Queen's Hall uliteketezwa na mabomu ya Wajerumani Mei 1941, na mwaka huohuo Proms zikahamia Royal Albert Hall pamoja na desturi ya kusimama. Sanamu ya kichwa cha Wood iliyookolewa kwenye kifusi huwekwa mbele ya kinanda kikubwa cha mabomba (ogani) kila kiangazi, ikiwatazama hao waliosimama. Kila nikiingia huitafuta kwanza kwa macho.

Kupata tiketi ni suala la kuamka. Zinafunguliwa mtandaoni asubuhi ya siku yenyewe, uwe na simu mkononi na kadi ya benki pembeni. Akija mpiga piano mwenye jina kubwa, usichelewe hata dakika. Usiku wa kazi mpya za watunzi walio hai huwa na nafasi, na mimi hizo nimezifaidi kuliko nilivyotarajia. Usiku wa mwisho wa msimu, ule wa watu kupeperusha bendera, siuzungumzii. Una taratibu zake na kelele zake.

Sasa, mahali pa kusimama. Wengi wakifunguliwa mlango hukimbilia reli ya mbele, na kweli pale unaona jasho la kiongozi wa okestra. Lakini pale vayolini na selo zinakumeza, huku filimbi na tarumbeta zikipita juu ya kichwa chako. Rudi nyuma, theluthi mbili za eneo hivi. Sauti zinakufikia zimeshaungana. Ukiinua macho utaona visahani vikubwa vinavyoning'inia darini kama uyoga. Vilitundikwa mwaka 1969 kuua mwangwi uliokuwa ukisumbua ukumbi huo tangu ulipofunguliwa 1871. Miguu ikichoka, panda roshani ya juu kabisa. Kule watu huketi sakafuni, wengine hujilaza wamefumba macho, na hakuna anayewashangaa. Vaa viatu vilivyozoea mguu. Na usianze na simfoni ya tatu ya mtunzi Mahler: ni kama saa moja na dakika arobaini.

Mimi nawashauri watu waanze na simfoni ya tatu ya Mfaransa Saint-Saëns, ya mwaka 1886, iliyopigwa kwa mara ya kwanza hapohapo London. Ni dakika thelathini na tano hivi, na ina kinanda. Kinanda cha Royal Albert Hall kina mabomba 9,999. Wiki niliyokwenda kuisikia nikiwa nimesimama, niliisikiliza kwanza nyumbani mara kadhaa mpaka nikajua kila kitu kinaingia wapi, na hilo ndilo maandalizi pekee ninayoyaamini.

Pembeni yangu alisimama mzee mmoja, mkongojo mkononi. Kabla ya sehemu ya taratibu kuanza akanigusa kiwiko, akaonyesha sakafu kwa kidole, kisha akavua viatu vyake polepole na kuvipanga. Sikuelewa, ila nilimwiga. Nikabaki na soksi. Kinanda kikaingia kwa sauti ya chini mno, chini ya vayolini, na naapa sikukisikia kwa masikio kwanza. Nilikisikia kwa nyayo. Mtetemo mwembamba ulipanda kwenye visigino, ukafika magotini, ukatulia humo dakika nzima huku vayolini zikiimba juu yake. Mzee alinitazama akatabasamu. Ilipofika sehemu ya mwisho, pale kinanda kinapoangusha ule mlio mkubwa kwa nguvu zake zote, kifua changu kilijibu kabla sijajua nimesikia nini, na machozi yakanitoka bila aibu. Aliyekaa kwenye kiti cha pauni arobaini hapati hicho. Namsikitikia kwa dhati.

Kuhusu makofi, watu wamejazwa bure hofu ya kupiga pasipofaa. Kati ya sehemu na sehemu ya simfoni wapo wanaopiga na wapo wasiopiga. Asubiri anayetaka kusubiri. Piano ikifunuliwa mfuniko jukwaani, waliosimama chini hupaza sauti ya kuhimiza, na wa roshani huitikia. Ni harambee yao. Nami siku hizi huitikia kwa sauti nzito kabisa.

Onyesho likiisha, usikimbilie kituo cha South Kensington pamoja na umati. Vuka barabara, zunguka kidogo kwenye mnara wa Prince Albert, treni zitakusubiri. Kama huwezi kufika London, kila onyesho hurushwa moja kwa moja na BBC Radio 3, na kaka yangu kwa hilo yuko sahihi kwamba redio inafaa. Ratiba hutangazwa majira ya Aprili. Mimi huipitia ukurasa kwa ukurasa nikitafuta kwanza usiku wenye kinanda, halafu ndipo nipange likizo.