Mama anasema limeegeshwa

“Kwani hili gari liliharibika hapo?”

Mama aliniuliza hivyo Jumapili akichambua managu, na mpaka leo Alhamisi swali halijanitoka. Nilikuwa nimempa simu aone picha yangu ya gari la rali likipita Kedong, ile niliyoiona bora kuliko zote nilizopiga Naivasha tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia 2021.

“Hapana, Mama. Lilikuwa linapita, tena kwa kasi.”

Akaisogeza simu karibu na macho. “Mimi naona limeegeshwa.” Akairudisha, akaendelea na managu yake.

Ruracio ya Kui, sherehe ya mahari, ilipita salama, kazini nimethibitishwa, ila kila nikilala namsikia: limeegeshwa. Nimeifungua picha ile mara ngapi sijui. Gari lenyewe, Toyota Yaris, limetoka safi kabisa, hata lile bomba la hewa linalopanda kando ya kioo. Lakini nilipiga kwa 1/2000 ya sekunde, kwa hiyo matairi yameganda na spoku za rimu unaweza kuzihesabu. Isitoshe, nililinasa kabla halijaingia kwenye feshi-feshi, lile vumbi laini kama unga, basi nyuma yake hakuna hata wingu dogo. Mama ameona alichoonyeshwa.

Jana nikitoka kazini nilisimama kando ya barabara ya Nakuru, nikashusha spidi ya kamera hadi 1/80 ya sekunde. Miguu haihami, kiuno ndicho kinachogeuka. Unaikamata matatu ikiwa bado mbali, unaifuata na lenzi, unabonyeza ikifika mbele yako, halafu unaendelea kugeuka hata baada ya kubonyeza. Hapo ndipo nilipokuwa nikikosea: mkono ulikuwa unasimama pamoja na kidole. Picha 40 za kwanza zilikuwa ukungu mtupu. Ya 41 nilipiga kelele peke yangu pale barabarani! Maandishi ya mlangoni yanasomeka, rimu zimekuwa sahani zinazozunguka, na vibanda vya nyuma vimevutika kama rangi iliyopanguswa kwa kitambaa.

Sasa najua nitasimama vipi Naivasha rali ikirudi, na nitaacha vumbi liingie kwenye fremu.

Nilikimbia nyumbani nimwonyeshe. Saa kumi na moja na nusu, jua bado lipo, nikamkuta amelala kwenye kochi na viatu miguuni. Mama halali mchana. Leo asubuhi nimemuuliza kama anameza dawa za presha, akaniambia chai inapoa.