Siku Moja Maishani Mwangu: Nyatiti, Taarabu na Genge

Saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani mtaa wa Umoja, Nairobi, ninakaza nyuzi nane za nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, kabla ya kunywa chai. Baba yangu ni mtu wa Siaya, mama ni wa Mombasa, nami nimekulia mtaa ambao vijana wake husemezana kwa Sheng. Ninatunga nyimbo zinazoubeba urithi huo wote, bila ya sehemu moja kugeuzwa pambo la nyingine.

Kuanzia saa mbili ninatunga, na hapa ndipo penye kazi hasa. Katika mashairi niliyofunzwa na mama, mshororo una mizani 16, nane kwa kila kipande, na vina katikati na mwishoni. Mdundo ninaoutumia, wa genge, yaani muziki wa kufokafoka wa vijana wa Nairobi, una mapigo manne, na kila pigo likigawanywa mara nne hupatikana nafasi 16 vilevile. Hata hivyo, mwimbaji akianzia kwenye pigo la kwanza, maneno hupinda, kwa sababu mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nayo huangukia kati ya mapigo. Kwa hiyo ninatanguliza silabi mbili kabla ya pigo la kwanza, hata mkazo wa kipande cha kwanza ukatua juu ya pigo la pili, na wa kipande cha pili juu ya pigo la nne. Hapo shairi husikika likisemwa, halisikiki likiburutwa.

Saa sita niko studio, River Road, barabara ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kitovu cha biashara ya santuri za benga, muziki wa magitaa wenye asili ya Wajaluo. Mtayarishaji anapendekeza nyatiti isikike mwanzoni tu, kisha iachie kinanda. Ninakataa kwa adabu, kwani ala inayobisha hodi na kuondoka haijakaribishwa.

Saa tisa ni mazoezi. Mpiga ngoma angependa ubeti wa Kijaluo nao ufuate mizani 16, lakini ninaona si haki kuitawala lugha ya baba kwa kanuni za ushairi wa mama, kwa hiyo tunauacha huru.

Saa moja jioni tunapanda jukwaani Alliance Française, barabara ya Loita. Nimejifunga leso, njuga za gara ziko mguuni, na pete ya chuma imo kidoleni pa mguu ili nigonge nayo ubavu wa nyatiti. Kwa desturi ala hii ilikuwa ya wanaume, na nimeketi nayo nikiwa binti wa watu wawili, nisiyeomba radhi kwa yeyote.

Katikati ya wimbo tunasimama kupisha pakruok, desturi ya Wajaluo ya msikilizaji kukatiza muziki na kujisifu mbele ya watu. Mzee mmoja anajitaja pamoja na ukoo wake. Kijana wa Kayole anajisifu kwa Sheng, anashangiliwa. Kisha mama mmoja anakuja akicheza, anatutunza noti kama ilivyo ada ya taarabu. Nilidhani ninasimulia asili yangu peke yangu, kumbe ukumbi mzima ulikuwa na la kusema.

Saa nne, baada ya kugawana malipo, ninamwomba mpiga ngoma arefushe nafasi ya pakruok katika wimbo unaofuata, naye anakubali.