Siku tatu Lisbon: watu sita, kibubu kimoja

Kundi letu la WhatsApp liliitwa "Safari Ipo" kwa miaka minne, na kwa miaka minne hiyo safari haikuwapo. Kila Desemba mmoja alituma picha ya mji fulani unaong'aa taa, watano tukajibu kwa vikaragosi vya moto, mambo yakaishia hapo. Tulisoma chuo kimoja Dar es Salaam, kisha maisha yakatutawanya: wawili Hamburg, mmoja Rotterdam, mmoja Stockholm, mmoja Lyon, mmoja Leicester. Majina yao nayaficha, maana kwangu wanapajua. Nitawaita kwa lakabu zao za kundini.

Aliyetutoa usingizini ni Mhazini. Jumapili moja ya Mei aliandika ujumbe wa mistari mitatu: safari ni Oktoba, usiku tatu, Ijumaa hadi Jumatatu, kila mtu atume euro 150 za kulipia nyumba na kuanzisha kibubu cha pamoja, mwisho wa kutuma ni Ijumaa saa sita usiku. "Atakayetuma ndiye anayesafiri. Atakayeandika 'insha'Allah' bila kutuma, tutamletea picha." Mpaka Alhamisi watano walikuwa wametuma. Wa sita nilikuwa mimi, na nilituma Ijumaa saa tano na nusu usiku, kwa hofu ya kuletewa picha.

Mji haukuchaguliwa kwa uzuri. Dokta (ni wa kompyuta, watu hawatibu) alichora jedwali: nani anapata ndege ya moja kwa moja, uwanja uko mbali kiasi gani na mji, kunatembeleka kwa miguu au la. Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ikashinda kwa sababu uwanja wake uko ndani ya mji na metro inafika hapo hapo. Ukiwa na watu sita wanaotua kwa saa sita tofauti, hilo lina thamani kuliko mnara wowote.

Tarehe nayo tuliipanga kwa kumwangalia mtu mmoja tu, Mwalimu wa Leicester. Sisi wengine tuna vibali vya ukaazi vya nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani, tunapita. Yeye ana pasipoti ya Tanzania na anaishi Uingereza, kwa hiyo ni viza: ada euro 90, na kabla ya ada kuna kuwinda nafasi ya miadi kama mtu anayewinda tiketi za mechi ya watani wa jadi. Maombi unaruhusiwa kuyapeleka hata miezi sita kabla, na jibu la kawaida huchukua siku 15, lakini hizo 15 zinaanza kuhesabiwa ukishapokelewa, si ukiwa bado unafungua ukurasa wa miadi saa kumi alfajiri. Alipata ya Agosti. Ukipanga safari ya kundi, anza na mwenye pasipoti nzito kuliko wote. Wenye pasipoti nyepesi watajipanga nyuma yake.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa ratiba. Mwalimu alileta ya kurasa nne, yenye dakika. Mzee Usingizi akajibu kwa neno moja: "Sishiriki." Wakazozana siku mbili mpaka Shangazi akakata shauri. Huyu Shangazi hana mpwa hata mmoja, ila akisema jambo watu hunyamaza. Alisema kila mtu ataje kitu kimoja tu, cha kwake, cha lazima. Wengine wote watakifuata bila kununa. Vingine vyote ni hiari. Tukapiga hesabu: vitu sita, siku tatu, vinaenea. Ratiba ya kurasa nne ikawa mistari sita. Mwalimu alitaka tramu ya namba 28. Dokta alitaka kuvuka mto kwa feri. Mhazini alitaka kukaa mahali pa juu atazame mji bila kulipa. Shangazi alitaka fado, "nisikie taarabu ya Wareno." Mzee Usingizi aliandika: "Changu ni kulala Jumamosi mpaka saa tano asubuhi, na mtu asinigongee." Kikapita kihalali.

Changu kilizua guno. Niliomba makumbusho.

"Makumbusho gani?"

"Ya sanaa za kale. Kuna kitu kimoja tu nataka kukiona."

"Kimoja?"

"Kimoja. Nusu saa."

Kwa kuwa Jumatatu makumbusho yale hufungwa, nikapewa Jumapili.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa mtaa wa Graça, juu kabisa. Kwenye picha mwenye nyumba alionyesha dirisha lenye mandhari ya mto, hakuonyesha ngazi. Njia za Lisbon zimetandikwa vijiwe vyeupe vya chokaa, vidogo kama ngumi ya mtoto, vimesuguliwa na viatu vya miaka mingi mpaka vinateleza kama sabuni hata pasiponyesha. Sanduku la magurudumu juu ya vijiwe vile hupiga kelele mtaa mzima ukajua mgeni kaingia. Mlangoni tukapokewa na habari ya kodi ya watalii: euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku. Mhazini alikuwa amebajeti 2, maana tulipolipia nyumba ilikuwa 2. Ilipanda Septemba ile ile ya 2024, mwezi mmoja kabla hatujafika. Euro 72 badala ya 36. Akakaa kwenye ngazi, akatoa simu, akaandika. Kibubu kilikuwa bado hakijanunua hata maji.

Usiku wa kwanza tulishuka mtaa wa Alfama kutafuta chakula. Kijana mlangoni akatutazama, akahesabu kwa kidole, akauliza: "Mesa para seis?"

Tukatazamana. Meza! Dokta akajibu kwa Kiswahili kitupu, "Meza, ndiyo, ya sita," na kijana akatupeleka bila tatizo. Kuanzia hapo ikawa mchezo. Kikombe cha bia ya jirani ni copo: kopo. Mvinyo, vinho. Bendera juu ya paa, bandeira. Mama mmoja akajifuta jasho kwa lenço, Shangazi akanong'ona, "Leso hiyo." Nyumbani tulipolala tukakumbuka foronya. Ni kama kumkuta mtu ugenini amevaa shati lako la zamani. Au wewe ndiye umevaa lake.

Basi tukakaa. Kabla hata hatujafungua orodha ya vyakula, mhudumu akaweka kikapu cha mkate, kibakuli cha zeituni, vijibini vidogo vya mviringo na siagi. Kwetu sisi, kinachowekwa mbele ya mgeni kabla hajaomba ni karibu. Tukakaribia. Kikapu kikaisha, kikaja kingine; tukasema hawa watu wakarimu jamani. Bili ilipokuja Mhazini akawasha tochi ya simu, akashusha kidole mstari kwa mstari. Mkate mara mbili. Zeituni mara mbili. Jibini, moja moja, kwa idadi. Huko huitwa couvert, na ni desturi inayojulikana: ukigusa unalipa, usipotaka unasema kiondolewe. Bei zilikuwa zimeandikwa kwenye orodha, ile ambayo tulikuwa hatujaifungua.

"Kumbe walituachia meza," Mwalimu akasema, "wakabaki na mkate."

Mhazini hakucheka. Alipitisha sheria mbili papo hapo: couvert marufuku, na pombe haitoki kibubuni, kwa kuwa wawili kati yetu hawanywi na hawawezi kuwachangia wengine hangaova. Ya pili ilistahili kuwekwa tangu Mei. Nimeona urafiki wa watu wazima ukiingia ufa kwa sababu ya kugawanya bili sawa kwa sawa, mmoja kanywa maji na mwenzake chupa.

Jumamosi Mzee Usingizi alilala haki yake. Tramu ya 28 inaanzia Martim Moniz, na foleni tuliyoikuta ilizunguka uwanja. Ni vile vitramu vya manjano vya zamani, vifupi, vya mbao ndani. Watu sita pamoja hawaingii labda Mungu apende. Waliingia wawili, Mwalimu na Dokta, wamesimama wamekumbatia mabegi yao vifuani kwa kuogopa wachomozi. Sisi wengine tuliteremka kwa miguu, tukakutana "kwenye farasi." Hilo nalishauri kwa kundi lolote: chagueni mahali pamoja ambapo hapapotei, mkipoteana kila mtu aende huko. Letu lilikuwa sanamu ya mfalme José wa Kwanza juu ya farasi katikati ya uwanja wa Praça do Comércio, mbele ya mto. Mitaa ya nyuma yake imenyooka kama rula, kwa kuwa ya zamani ilibomolewa na tetemeko la Novemba 1, 1755, na moto na mawimbi yaliyofuata, ikajengwa upya kwa mpango. Juu mlimani, ambako mitaa ya kale ilibaki, hujui uendako. Wenye tramu walitukuta kwenye farasi tumeshakunywa kahawa mbili.

Feri ya kwenda Cacilhas ni kama dakika kumi, na kwangu ndiyo ilikuwa starehe kubwa ya siku, Dokta alijua anachoomba. Jua linazama, daraja jekundu linaning'inia juu: lilifunguliwa 1966 kwa jina la dikteta Salazar, sasa linaitwa 25 de Abril, tarehe ambayo wanajeshi waliuangusha utawala ule mwaka 1974. Mwaka uliofuata Msumbiji ikawa huru. Hakuna aliyesema lolote. Tulikaa kwenye ukingo wa gati upande wa pili, miguu inaning'inia, tukizungumza habari za wazazi wanaozeeka na za mwenzetu aliyeachika, mambo ambayo kwenye WhatsApp yasingeandikika.

Usiku, fado. Chumba kidogo, taa zikapunguzwa, mwanamke mwenye shali nyeusi akasimama baina ya wapiga gitaa wawili, akafumba macho. Shangazi alikuwa amejiandaa kwa taarabu. Ubeti wa pili ulipomchoma, akainuka na noti ya euro tano mkononi, tayari kwenda kutunza. Mhudumu akainua kidole tu. Chumba kizima kilikuwa kimya kama msibani. Pale uma haugongi sahani mtu akiimba. Shangazi akaketi polepole, noti imekunjwa kiganjani, na machozi yake akayafutia leso. Kwa Kireno au kwa Kiswahili, leso.

Jumapili ikawa zamu yangu. Wote walikuja, maana sheria ni sheria, ila miguu ilikuwa imekwisha na Mzee Usingizi alitembea kama anayepelekwa kortini. Njiani Mwalimu akasoma kibao: igreja. Kanisa. Akatueleza kwamba neno hilo ndilo gereza letu.

"Kanisa likawa jela vipi?" Dokta akauliza.

"Ngome zao zilikuwa na kanisa ndani. Waliokuja baadaye wakafungia watu humo."

Shangazi akasema kwao Kilwa, kule Kisiwani, ngome iliyo ufukweni inaitwa hivyo hivyo, Gereza. Alicheza pale utotoni. Sikusema kitu. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote tunakwenda kuona nini.

Makumbusho yako Rua das Janelas Verdes, barabara ya madirisha ya kijani. Niliwapitisha vyumba vingi bila kusimama mpaka kwenye kabati la kioo. Ndani yake ni monstransi, kile chombo cha kuonyeshea Ekaristi, ya dhahabu, kimo chake kama mkono wa mtu mzima, imechongwa minara myembamba kama kanisa dogo. Katikati mitume kumi na wawili wamepiga magoti, kila mmoja na uso wake, mavazi yamepakwa rangi za enameli, kioo kilichoyeyushwa. Chini kuna maandishi yanayozunguka kitako. Nikamwomba Shangazi asome.

Alisoma kwa kugugumia herufi za kale, kisha akageukia maelezo ya ukutani. Mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quíloa. Kilikamilika 1506.

"Quíloa," akasema. Akairudia. "Kilwa?"

Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika na merikebu za mizinga, akamlazimisha mtawala, Ibrahim, alipe kodi ya dhahabu kila mwaka. Ile ya kwanza akairudisha Lisbon 1503, na ndiyo ile iliyokuwa mbele yetu. Mwaka 1505 wakarudi wengine, wakaupora mji.

Nusu saa niliyoiahidi ilipita, hakuna aliyeangalia simu. Shangazi alikuwa anahesabu mitume kwa kidole, bila kugusa kioo. Akawamaliza, akawaanza upya. Mzee Usingizi alikaa sakafuni mpaka mlinzi akamwomba asimame.

Mchana tukaingia mkahawa wa jirani, sita, meza ya dirishani. Mhudumu akaja na kikapu cha mkate, zeituni na vijibini, akaviweka katikati. Mikono sita ikarudi nyuma kwa pamoja. Mhazini akafungua mdomo kumwita avitoe.

"Acha," Shangazi akasema, akavuta kikapu kwake, akamega. "Leo tunakula. Hii tulishalipa."

Tukala vyote, tukaagiza vingine. Bili ilipokuja Mhazini alilipa kutoka kibubuni bila neno, akaandika kwenye simu yake kama anavyoandika kila kitu. Usiku alipotutumia hesabu nikauona mstari ule, baada ya metro na kabla ya maji: "Mkate, zeituni, jibini. Kilwa."