Nilivyoipokea timu ya kocha aliyeifundisha miaka 28

Siku kocha wetu alipostaafu aliniachia droo moja. Ndani yake mlikuwa na stopwochi tatu, filimbi yenye kamba iliyopauka kwa jua, na madaftari ya mazoezi ya misimu 28, kila msimu na daftari lake. Nilikuwa msaidizi wake kwa miaka minne. Chuo chetu ni kidogo, cha miaka miwili, magharibi mwa Texas, na wanafunzi wengi hupita tu wakielekea vyuo vikuu. Lakini ukitaja mbio za nyika katika kanda yetu, watu hutaja jina lake kabla ya jina la chuo.

Mkurugenzi wa michezo aliniuliza kama naiweza timu. Nikasema naiweza. Usiku nikampigia mama Babati kumpa habari. Baada ya kunipongeza akauliza, "Huyo mwenyewe yuko hai?" Nikamwambia yuko hai, anakaa mtaa wa pili tu. "Basi usiache kwenda kumwamkia." Nilimwitikia haraka haraka, kisha nikalisahau neno lake. Ndilo nililopaswa kuanza nalo.

Msimu wa kwanza nilimwiga kwa kila kitu. Kila Jumapili usiku nilifungua daftari lake la mwaka ambao timu ilifanya vizuri sana, nikatafuta wiki inayolingana, nikanakili: Jumatatu mara nane za mita 1,000, Jumanne kilima, Jumatano kilomita 16. Hata kusimama nilisimama kama yeye, mikono nyuma, kimya. Kufika Oktoba wasichana wawili walikuwa hawawezi kukimbia kwa maumivu ya ugoko. Kijana mmoja kutoka Nandi, aliyekuwa amefika Agosti ile ile, alinifuata baada ya mazoezi akasema kwa adabu, "Madam, sisi si wale wa kwenye daftari." Sikumjibu. Kwenye mashindano ya kanda tukawa wa sita, na hapo hapakuwa mahali petu.

Majira ya baridi yale nilianza kusoma habari za makocha wakubwa wa vyuo vya Marekani, na zaidi za wale waliowapokea. Nilisoma habari za John Wooden, aliyekipa chuo kikuu cha UCLA, California, mataji 10 ya taifa ya mpira wa kikapu kati ya 1964 na 1975. Aliyeshika nafasi yake, Gene Bartow, alishinda mechi 52 na kupoteza 9 tu katika misimu miwili, akaifikisha timu nusu fainali ya taifa mwaka wa kwanza. Bado watu walimpima kwa kivuli cha Wooden, na mwaka 1977 akaondoka. Niliirudia hesabu ile mara kadhaa usiku huo: mechi 52 kwa 9, na haikutosha! Basi kushinda peke yake hakungenisaidia.

Bill Bowerman, kocha wa riadha wa Chuo Kikuu cha Oregon, ndiye aliyenishtua. Alisisitiza kwamba siku ngumu ifuatwe na siku nyepesi, kwa sababu mwili hujijenga wakati wa kupumzika. Aliyempokea ni Bill Dellinger, mwanafunzi wake mwenyewe, aliyepata shaba ya mita 5,000 Tokyo 1964, na Oregon ikaendelea kutwaa ubingwa wa mbio za nyika. Nikatazama nakala zangu: Jumatatu ngumu, Jumanne ngumu, Jumatano ndefu. Nikajiuliza mzee wetu aliwezaje kuwakimbiza hivyo miaka 28 bila kuwavunja.

Hapo ndipo neno la mama liliponirudia. Nilioka mkate, nikaenda mtaa wa pili.

Alinikaribisha mezani, akaomba kuona daftari moja. Akalifungua, akaweka kidole pembezoni mwa ukurasa, palipokuwa na herufi ndogo za penseli, mbili mbili, zimefifia. Mimi nilidhani ni mahudhurio. "Hawa," akasema, "ndio niliowarudisha nyumbani siku hiyo." Kila siku ngumu ilikuwa na watu wake waliopumzishwa, siku nyingine wawili, nyingine sita. Miaka minne nilisimama karibu naye nikidhani wanaoondoka mapema wana vipindi darasani. Nilikuwa nimenakili wino nikaacha penseli.

Kuanzia siku ile nilimwendea kila Alhamisi. Hakunipa mpango hata mmoja. Aliniuliza habari za mtu mmoja mmoja: huyu analala vipi, yule anafanya kazi ya usiku wapi, na mimi nikagundua mengi sikuyajua.

Msimu wa pili niliuanza na soksi. Wooden ndivyo alivyokuwa akiwaanza wachezaji wake kila mwaka, hata waliokuwa nyota. Niliwakalisha kwenye nyasi, nikavua viatu vyangu, nikawaonyesha: vuta soksi mpaka kisigino kikae mahali pake, kisha pitisha kiganja taratibu kuzunguka kidole kidogo, maana kikunjo hujificha hapo. Ishike soksi juu unapoingiza mguu, kaza kamba tundu kwa tundu, funga mara mbili. Wengine walitazamana. Lakini kikunjo kimoja ni malengelenge kilomita ya tatu, na mwenye malengelenge hubadili hatua bila kujua. Msimu ule sikumpoteza mkimbiaji hata mmoja kwa miguu iliyochubuka.

Jambo la pili lilikuwa mdomo wangu. Katika msimu wa mwisho wa Wooden, watafiti wawili walikaa kwenye mazoezi yake wakiandika kila alichosema, wakakuta karibu robo tatu ni maelekezo ya nini cha kufanya na namna ya kukifanya. Sifa zilikuwa chache, karipio chache. Jumanne moja niliweka simu mfukoni nikajirekodi. Nilipojisikiliza usiku, dakika 40 nzima nilikuwa nikipaza "Kaza! Kaza! Haya!" na karibu hakuna jingine. Nikaanza kuandika kwenye kadi, kabla ya mazoezi, neno moja kwa kila mkimbiaji: legeza bega la kushoto, fupisha hatua kwenye mteremko, usigeuke nyuma.

La tatu lilitoka kwa watu wa kwetu. Nilikua nikisikia majina ya wakimbiaji wa Tanzania, Suleiman Nyambui, Gidamis Shahanga na Zakaria Barie, na wote walipitia chuo kikuu cha El Paso, humu humu Texas. Mwaka 1981 timu ya mbio za nyika ya chuo kile, chini ya kocha Ted Banks, ilishinda ubingwa wa taifa kwa pointi 17. Kwa asiyejua: hujumlishwa nafasi za wakimbiaji watano wa kwanza wa timu, na jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Wakishika nafasi ya kwanza hadi ya tano, jumla ni 15. Yaani El Paso ilikosa ukamilifu kwa pointi mbili tu! Niliandika 17 ubaoni, nikawauliza nani kati yetu ndiye muhimu zaidi. Wakamtaja kijana wa Nandi, ambaye ndiye mwenye kasi. Nikawaambia ni wa tano. Msimu uliopita wa tano wetu aliingia dakika mbili na sekunde 40 nyuma ya wa kwanza, na humo katikati zilipita timu nzima za watu wengine. Kuanzia hapo mbio ndefu walizikimbia kwa kundi, na kijana wa Nandi, bila kuambiwa, akawa anakaa ubavuni mwa yule wa tano kwenye kilima.

Mashindano ya kanda yalikuwa Novemba, upepo mkali. Mzee alikuja na koti lake la zamani, akasimama kwenye kona ya kilomita ya sita, mikono nyuma. Kijana wa Nandi alipita wa tatu. Wa tano wetu alipita sekunde 65 baadaye, mabega chini, bila kugeuka. Tukawa wa pili.

Usiku ule, kabla ya kulala, nilifungua daftari la 30 kwenye ukurasa wa Jumatatu. Nikaandika pembeni, kwa penseli, herufi za wanaopumzika. Walikuwa wanne, na wa kwanza kati yao ni yule wa tano.