Mbuzi wa Idi na roketi ya Ngomeni

Binti yangu hajanisamehe bado kwa sababu ya yule mbuzi. Siku zile chache alizofungwa chini ya mwarobaini alimzoea, akampa na jina. Idi ilipopita akanijia amekunja uso: "Baba, mashine ya kumrudisha mtu kabla ya Idi yaweza kutengenezwa?"

Nilitaka kumjibu "hapana" nikaendelee na chai yangu. Badala yake akili ikanipeleka Ngomeni, Machi 1988.

Watu wa Malindi hawahitaji kuelezwa San Marco. Ami alikuwa akiendesha boti za kupeleka wafanyakazi kwenye ile mitambo ya Waitalia ya kurushia roketi, iliyosimama kwa miguu ya chuma katikati ya bahari. Huko ndiko iliporushwa Uhuru, tarehe 12 Disemba 1970, satelaiti ya kwanza kutumwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani, na Ami alivyoisimulia ungedhani kiberiti alikiwasha yeye. Usiku wa tarehe 25 Machi hakuwa zamu, akanichukua ufukweni nikashuhudie. Hakuna aliyetuambia kuwa roketi ile ingekuwa ya mwisho kurushwa pale.

Tulikaa sana, mbu wa mikoko wakitushughulikia. Mara pwani nzima ikawa nyeupe. Niliona vidole vyangu vya miguu. Niliona kaa amesimama mlangoni pa shimo lake hajui akimbilie wapi, na ndevu za Ami, unywele mmoja mmoja. Moto ukainuka juu ya maji, ukapanda, na hakuna sauti. Kimya! Nikadhani masikio yangu yameziba, nikatia kidole. Kidole kingali sikioni, mngurumo ukafika: ulianzia kwenye nyayo, ukapanda magotini, ukaingia kifuani. Na kule juu moto ulishakuwa nukta.

"Wasikia?" Ami alinipigia kelele. "Hiyo imeshapita, mwanangu! Wasikia ya zamani!"

Alikuwa na haki. Sauti huchukua kama sekunde 3 kwa kilometa moja, nuru hukata kilometa 300,000 kwa sekunde moja tu. Hata nuru nayo huchelewa: jua tunalolitazama ni la dakika 8 zilizopita. Lakini kuona ya zamani si kuyarudia.

Njiani Ami akaniongezea aliyoyapata kwa injinia mmoja, kwamba saa ikipelekwa juu haiendi sawa na iliyobaki chini. Nikayaweka pamoja na hadithi zake za papa. Miaka baadaye nikasoma kuwa mwaka 1971 wanasayansi Hafele na Keating walipanda ndege za abiria na saa za atomiki, wakaizunguka dunia, na waliporudi saa zile hazikulingana na zilizobaki nyumbani. Tofauti ilikuwa ndogo mno, lakini ilipimika. Ami mwenyewe, aliporudia uvuvi, alikuwa na kidude cha GPS mashuani, kinachojua mahali ulipo kwa kusikiliza saa zilizomo ndani ya satelaiti. Saa za satelaiti zile hutangulia zetu kwa sehemu 38 kati ya milioni za sekunde moja kila siku, na zisiporekebishwa, kosa la mahali hukua kwa kilometa kama 10 kwa siku. Ungetafuta mwamba wako wa changu usiuone maisha.

Kwa hiyo kwenda mbele kunawezekana, Einstein hakukataa. Kimbia karibu na mwendo wa nuru, au kakae jirani na kitu chenye mvutano mkubwa mno, kisha urudi: utawakuta wajukuu wako wamekuzidi umri. Kinachokosekana ni chombo na nishati. Nilipomweleza binti yangu, alifikiri kidogo akasema mbele kuna Idi nyingine, hapataki.

Nyuma ndiko kwenye mashaka. Mwaka ule ule wa 1988, mwanafizikia Kip Thorne na wenzake waliandika kwamba kama kungekuwa na njia ya mkato inayotoboa anga, na mdomo wake mmoja ukakimbizwa kwa kasi kubwa kisha ukarudishwa, ungeweza kuingia huku ukatokea jana. Ila njia hiyo hujifunga yenyewe mpaka uizuie kwa nishati iliyo chini ya sifuri, na kiasi kinachohitajika hakuna ajuaye pa kukipata. Mwaka 1992 mwanafizikia mwingine, Stephen Hawking, akatoa dhana kwamba maumbile yenyewe huzuia safari hizo. Ni dhana, haijathibitishwa.

Hawking huyo huyo mwaka 2009 aliandaa karamu ya wasafiri wa wakati, akatoa mialiko baada ya karamu kwisha. Hakuja mtu. Nilimsimulia Ami alipokuwa hai, nikidhani nimefunga mjadala.

"Karamu yenyewe ilikuwa na nini?"

"Shampeni, Ami."

"Basi labda waliotengeneza hiyo mashine ni Waislamu."

Sijapata cha kumjibu mpaka leo.