Matumbawe Chini ya Tyubu: Ninavyofuga Mwamba wa Bahari Kampala

Sebuleni kwangu, Old Kampala, kuna matumbawe hai yanayokua chini ya taa za tyubu, zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara kutoka Mombasa. Wageni wakiliona tangi kwa mbali hudhani nafuga nkejje, samaki wadogo wa ziwani. Wakisogea wakaona viumbe vilivyojichanua kama maua, vikiyumba na mkondo wa maji, maswali huanza, na swali la kwanza huwa bei ya taa. Wamesikia kwamba matumbawe hayaishi bila LED za gharama kubwa. Mimi sijawahi kuwa na LED. Nina tyubu nne nyembamba za aina ya T5, za wati 54 kila moja, na matumbawe yangu yamezaana hadi nimegawia wenzangu vipande.

Siri yote iko kwenye kuelewa kwamba jicho letu si kipimo cha mwanga wa matumbawe. Ndani ya nyama ya tumbawe mnaishi mwani mdogo sana, zuzanteli, unaotengeneza sukari kwa mwanga na kulilisha tumbawe lenyewe. Maji ya bahari humeza mwanga mwekundu mapema na kuacha wa buluu uzame chini, na mwani huo umezoea buluu, hasa wa mawimbi yenye urefu kati ya nanomita 420 na 480. Jicho la binadamu huona vizuri zaidi kijani na njano. Ndiyo maana tyubu ya kawaida ya dukani, ya kelvini 6,500 (kipimo cha rangi ya mwanga), hutujazia chumba mwanga, ilhali tyubu ya buluu inayoonekana hafifu ndiyo inayoyashibisha matumbawe. Nimechanganya mbili za buluu na mbili nyeupe za kelvini 10,000. Za buluu huwaka kwanza asubuhi na huzimwa mwisho jioni. Zote nne pamoja huwaka kwa takriban saa nane.

Tyubu hutoa mwanga pande zote, kwa hiyo sehemu kubwa hupanda juu na kupotea darini. Niliwapelekea mafundi wa Katwe, mtaa wa hapa Kampala, bati la alumini linalong'aa, nikaomba kila tyubu ikunjiwe kiakisi chake. Fundi aliligeuzageuza, akaniuliza, "Ssebo, taa gani hii yenye mabawa?" Nilipomweleza, alikunja kwa uangalifu mkubwa, akahakikisha pembe zinatupa mwanga chini. Viakisi vile vilibadilisha tangi kuliko kitu kingine chochote nilichonunua. Mwenye fedha ya jambo moja tu, naomba aanze na viakisi kabla ya kuongeza tyubu.

Usifunge taa ndani ya boksi lisilopumua. T5 hutoa mwanga wake mwingi zaidi hewa inayoizunguka ikiwa karibu nyuzi 35. Ikizidi hapo mwanga hupungua, na maji nayo hupata joto. Feni ndogo inatosha. Hapa Kampala, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, usiku huwa na ubaridi, hivyo kuyaweka maji kwenye nyuzi 25 au 26 si kazi ngumu. Baadhi ya usiku nahitaji hita badala ya kipoza maji. Feni hukausha maji, na kinachokauka ni maji matupu bila chumvi, kwa hiyo najazia maji yasiyo na chumvi.

Tatizo letu kubwa ni umeme. Kila tyubu inapowashwa, ncha zake huchakaa kidogo, na umeme unaokatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika chache huzila tyubu haraka. Nimetumia friji gadi, kile kifaa kinacholinda jokofu: umeme ukirudi, husubiri dakika kadhaa ndipo kiruhusu taa ziwake. Nimeweka pia balasti za elektroniki, vifaa vinavyodhibiti umeme wa tyubu, kwa sababu zile nzito za zamani zenye staata huhangaika jioni volti zinaposhuka, tyubu zikawa zinapepesa bila kuwaka.

Lakini wakati giza linapoingia mtaa mzima, taa si jambo la kwanza. Matumbawe huvumilia siku moja au mbili bila mwanga. Yasichovumilia ni maji yaliyosimama, kwa sababu oksijeni huisha. Inveta yangu na betri yake vinaendesha pampu ya mkondo tu. Mpwa wangu alinisihi, "Mjomba, unganisha na taa basi, wageni waone." Nilimkatalia. Betri ile ni pumzi ya tangi.

Kuhusu chumvi, ndugu wengi hushauri nitumie ya Ziwa Katwe, kule magharibi, kwa kuwa ni yetu na ni rahisi. Kwa mwamba wa bahari haifai. Maji ya ziwa lile yana magadi na salfati nyingi, na kalsiamu kidogo mno. Bahari ina kalsiamu karibu miligramu 400 kwa lita na magnesiamu karibu 1,300, navyo havitoki kwenye chumvi ya kula wala ya Katwe. Natumia chumvi maalumu ya matangi ya bahari, naichanganya mpaka uzito wa maji, ukilinganishwa na maji matupu, usome 1.025. Maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo napitisha yote kwenye chujio la osmosisi. Maji ya mvua yaliyopita kwenye mabati siyatumii, kwa sababu zinki ni sumu kwa viumbe hawa.

Sasa matumbawe yenyewe. Nimechagua yale laini: tumbawe ngozi, yale bapa kama uyoga, zoanthi, na xenia inayofumba na kufumbua kama kiganja. Yote niliyapata kwa mfugaji mwenzangu wa Nairobi aliyeyakuza tangini, nikayavusha mpakani yakiwa na karatasi zake. Matumbawe magumu, yale yanayojenga mifupa ya mawe, yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na Uganda na Kenya zote ni wanachama. Kuyasafirisha bila kibali ni kosa, na kuyang'oa baharini ni kuumiza miamba ambayo tayari imechoshwa na joto. Wapo wanaoona matumbawe laini ni ya wasiojiweza. Sikubaliani nao hata kidogo. Tumbawe ngozi lililojichanua kikamilifu lina uzuri wa kutosha umri wa mtu.

Mapya hayafiki moja kwa moja chini ya mwanga mkali. Natandika tabaka za chandarua juu ya tangi, kisha naondoa moja moja wiki zinavyopita. Ya uyoga hukaa sakafuni, xenia juu. Baada ya hapo yenyewe husema: yakirefuka shingo kuelekea juu, mwanga hautoshi, yakipauka na kujikunja, umezidi. Tumbawe ngozi likijifunga siku kadhaa na kutoa utando kama nta, liache, linajivua ngozi. Zoanthi usizishike bila glavu na miwani, wala usichemshe mawe yaliyokuwa nazo, kwa sababu baadhi hubeba palitoksini, sumu kali inayodhuru hata kwa mvuke.

Tyubu huzeeka kabla haijaungua. Wewe utaiona inawaka vizuri, kumbe buluu yake imeshuka. Napima kwa programu ya simu, simu ileile, mahali palepale. Namba yenyewe haina maana kwa mwanga wa buluu; ninachofuatilia ni kushuka kwake. Kwa kawaida nabadilisha baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili ya matumizi, tyubu moja kwa wakati, nikiacha wiki kadhaa katikati ili matumbawe yasishtuke. Ya zamani haiendi jalalani wala kwenye moto wa taka, maana ndani yake mna zebaki. Nazifunga kwenye maboksi yake, nazirudisha kwa muuzaji wa vifaa vya umeme anayekubali kuzikusanya.

Zebaki hiyohiyo ndiyo itakayozimaliza. Mwaka 2023, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kwamba utengenezaji, uingizaji na usafirishaji nje wa tyubu ndefu za mwanga wa kawaida ukome ifikapo mwisho wa 2027. Ni uamuzi sahihi, na nauunga mkono ingawa unagusa sebule yangu. Nimeweka akiba ya tyubu chache za buluu, maana hizo ndizo ngumu kupatikana. Nyeupe zitatangulia kuondoka: nitaweka ukanda wa LED kwenye nafasi ya tyubu moja, nirudishe chandarua juu ya tangi, niangalie xenia inavyopokea, kisha niende kwenye ya pili.